UZI: Umemaliza tasnifu, sasa unataka makala ya jarida? Anza na majedwali, utangulizi uache mwisho

#1 Kalamu Nyekundu

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu wa mahafali swali ni lilelile: "Nimemaliza uzamili, nimeambiwa nitoe makala kwenye jarida, naikataje tasnifu yangu ipungue?" Nimekuwa nikisomea jarida moja miswada kabla haijapelekwa kwa wahakiki (wasomi wanaopima kama inafaa kuchapishwa), kwa hiyo nitakayoandika hapa ni yale yanayorudi mezani kila wiki.

Jibu fupi: haikatwi. Makala ya utafiti ina swali moja na jibu moja. Tasnifu ina malengo mahususi matatu au manne, sura tano, shukrani kwa Mwenyezi Mungu na kwa supavaiza, na sura ya pili ndefu kama gazeti la Jumapili ili ionekane umesoma. Ile iliandikwa ili wakutahini. Makala inasomwa na mtu asiyekujua, asiyewajibika kukupa alama, na akichoka ukurasa wa pili anafunga. Chagua lengo moja lenye data nzito kuliko mengine. Yaliyobaki yasubiri makala nyingine au yalale maktaba.

Umbo lenyewe mnalijua: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Mbele yake kichwa na ikisiri (muhtasari mfupi wa makala), nyuma yake marejeleo. Watu hudhani umbo hili limekuwepo tangu elimu ianze. Majarida ya mwanzo kabisa, moja la Paris na lile la Royal Society ya London, yote ya mwaka 1665, yalijaa barua na taarifa: bwana fulani anasimulia alichokiona, basi. Umbo la sehemu nne lilianza kushika kwenye majarida ya tiba miaka ya 1940, Wamarekani wakaliandikia kiwango rasmi mwaka 1972, na miaka ya 1980 majarida makubwa ya tiba yalikuwa yamehamia huko yote. Lilishinda kwa sababu msomaji mwenye haraka anajua pa kuchungulia.

Wengi wanapotea hapa: wanaandika kwa mpangilio uleule wa kusoma. Mimi nashauri uchore majedwali na michoro kwanza, halafu uandike matokeo, ambayo ni maelezo ya majedwali hayo. Kisha mbinu, kisha mjadala. Utangulizi unafuata baada ya hapo, na ikisiri na kichwa mwisho kabisa. Anayeanza na utangulizi huahidi mambo ambayo data yake haina.

Na kama kuna sehemu ya kuikeshea, ni mbinu. Nitaeleza kwenye bandiko linalofuata, kwa mfano wa Mtanzania mwenzetu.

#2 Kalamu Nyekundu

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kidato cha tatu Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu wao: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ya friji ikawa finyu, akayatia yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeweka bila kuchemsha. Kumuuliza mwalimu, akaambiwa amejichanganya. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, hakunyamaza, na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipokwenda kuzungumza na wanafunzi, akamuuliza yeye. Wenzake wakamcheka. Osborne akarudi Dar, akajaribisha, na mwaka 1969 wakachapisha makala yao wawili katika jarida la Physics Education.

Sehemu ya kwanza ya makala hiyo ni Mpemba anasimulia kwa nafsi ya kwanza: maziwa, friji, kicheko. Sehemu ya pili ni Osborne: maji mililita 70 katika bika (chombo cha maabara) la mililita 100, bika limekaa juu ya kipande cha poliestirini, ile plastiki nyepesi ya povu, ndani ya friji. Maji yaliyoanza na nyuzijoto 25 hivi yalichelewa kuliko yote kuanza kuganda, ya karibu nyuzi 90 yaliwahi. Je, ni kwa sababu ya maji kupungua kwa mvuke? Wakapima, haikutosha. Hewa iliyoyeyuka majini? Haikutosha. Joto jingi lilikuwa likitokea kwenye uso wa maji.

Sasa ruka hadi 2016. Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, wakarudia majaribio ya aina hiyo na kusema hawaioni athari ya Mpemba, yaani maji ya moto kuwahi kuliko ya baridi. Wakaonyesha kwamba kipimajoto kikipishana sentimita moja tu, juu au chini, unaweza kuona athari ambayo haipo.

Sentimita moja, wakuu. Ubishi wa dunia nzima umeng'ang'ania mahali kipimajoto kilipokaa. Hakuna anayebishana na utangulizi wa mtu. Ndiyo maana mswada ukinifikia, nafungua mbinu kwanza, halafu majedwali, na ninachotafuta ni kimoja: mtu mwingine akichukua maelezo haya akaenda mahali pengine, anaweza kufanya alichofanya huyu? "Data zilikusanywa kwa hojaji na kuchambuliwa kwa SPSS", ile programu ya takwimu, hainipi kitu.

#3 Bazazi

Mkuu umeshusha nondo, ila naona mnatutisha. Watson na Crick, walioeleza umbo la DNA, 1953 waliandika kwenye jarida la Nature kurasa mbili hazijai, hakuna mbinu, hakuna mapitio ya machapisho, na wakapata Nobel. Sisi huku unaambiwa weka kiunzi cha nadharia hata kama unahesabu kuku.

#4 Kalamu Nyekundu

Bazazi, ile ilikuwa barua kwa jarida, na picha za eksirei walizoziegemea zilitoka maabara nyingine, zikachapishwa kwenye toleo hilohilo. Walikuwa na cha kusema kizito, wakakisema. Ukiwa nacho, andika kurasa mbili, sitakuzuia.

Kwenye nadharia nakuunga mkono nusu. Nadharia isiyotumika kwenye mjadala itolewe. Kama ilitajwa kwenye utangulizi na hairudi tena, ilikuwa pambo.

#5 Binti Mwambao

Mwalimu, shikamoo. Naomba nitumie tasnifu yangu kama mfano, wengine wajifunze. Mada: "Sababu za utoro wa wanafunzi wa shule za msingi katika maeneo ya uvuvi: uchunguzi kifani" na jina la wilaya, nisiitaje hapa. Ni kisiwani, Ziwa Viktoria. Nilikuwa na hojaji kwa walimu, usaili wa wazazi, na nilinakili rejista za mahudhurio za shule nne, siku kwa siku, miaka miwili. Supavaiza alisema rejista niweke kiambatisho. Makala naanzia wapi?

#6 Kalamu Nyekundu

Marahaba, dada yangu. Mada yako ni nzuri kuliko kichwa chake. Kichwa kinaahidi sababu zote, na hakuna anayeweza kuwa na data ya sababu zote. Tuangalie ulichonacho mkononi. Hojaji za walimu ni maoni ya walimu. Usaili ni maelezo ya wazazi. Rejista ni kitendo chenyewe: mtoto alifika au hakufika. Hiyo iliyofukiwa kwenye kiambatisho ndiyo makala yako.

Unajua kuliko mimi kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Asubuhi ya giza ndiyo asubuhi ya kuanika. Basi swali ni hili: je, siku za giza utoro hupanda kuliko siku za mbalamwezi, na kwa kiasi gani?

Naotea kwamba tasnifu imejumlisha utoro kwa miezi ya kalenda: Januari, Februari, Machi. Ukifanya hivyo athari inajificha. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu, kwa hiyo giza huhamahama ndani ya kalenda, na kila Januari ina giza lake na mbalamwezi yake, ukizijumlisha zinafutana. Rudi kwenye rejista, kila siku ya shule ipe namba yake katika mwezi mwandamo, kisha panga upya.

Jedwali la kwanza liwe na mistari miwili tu: giza, mbalamwezi. Safu zake ziwe idadi ya siku za shule ulizohesabu, wanafunzi walioandikishwa, wasiofika kwa wastani wa siku, na asilimia. Amua mapema giza ni kuanzia siku ya ngapi hadi ya ngapi, na uandike ulivyoamua, maana mtu akisogeza mpaka huo siku mbili matokeo yanaweza kubadilika. Jedwali la pili ligawe wavulana na wasichana, na madarasa. Mchoro uwe mmoja, mstari unaotembea kutoka mwezi mwandamo hadi mwandamo mwingine. Hiyo ndiyo makala. Yote mengine ni kuieleza.

Kama una hata shule moja iliyo mbali na ziwa, iweke kando ya hizo nne. Bila hiyo, mhakiki atakuuliza unajuaje kwamba si siku za mnada au mvua.

Halafu mbinu. Nani alitia alama kwenye rejista, na saa ngapi? Sote tunazijua rejista zinazojazwa Ijumaa jioni kwa wiki nzima, zote wino mmoja na mwandiko mmoja wa haraka. Eleza ulizikagua vipi, ulizitupa zipi, kwa kigezo gani. Rejista ndiyo kipimajoto chako.

Usaili usiutupe. Unaingia kwenye mjadala kueleza *kwa nini*: wasichana wanaanika, wavulana wanabeba maji na taa, au vyovyote wazazi walivyokwambia. Hojaji za walimu ziache zipumzike.

#7 Daktari wa Kata

Uzi wa maana huu. Naongezea sampuli, maana ndipo wahakiki wanapowachinja watu.

Tasnifu zetu nyingi zina fomula ya Yamane ya 1967: n = N / (1 + Ne²), ambapo n ni ukubwa wa sampuli, N ni idadi ya kundi zima, e ni kiwango cha kosa unachokubali. Kundi la watu 1,000, e ni 0.05. Unazidisha 1,000 kwa 0.0025, unapata 2.5, unajumlisha 1, kisha 1,000 unagawa kwa 3.5. Jibu 286. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 kwa watu haohao 1,000 linakupa 278. Zote mbili sahihi, Yamane amekadiria tu 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) kuwa 2.

Tatizo haliko kwenye hesabu. Fomula zote hizo zinadai sampuli nasibu, kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mtu anapiga hesabu vizuri, anapata 286, halafu aya inayofuata anasema wahojiwa "waliteuliwa kwa makusudi", au ni waliopatikana gulioni siku ile. Hesabu imekufa hapohapo. Nimeona pia mtu mwenye usaili wa kina na wakunga ishirini ameweka Yamane. Ya nini? Kwa usaili sema ulimchagua nani, kwa sababu gani, na uliacha kuuliza ulipoona hakuna jambo jipya linalokuja.

Binti Mwambao, wewe huhitaji fomula hata moja kwa hizo rejista. Una siku zote za shule hizo.

Jingine dogo linaloudhi: SPSS ikikuandikia .000 kwenye thamani ya p (uwezekano wa bahati tupu kutoa tofauti kubwa hivyo) usiinakili hivyo kwenye makala. Programu imekata tarakimu tu. Andika p < 0.001. Na usiseme matokeo ni "muhimu" kwa sababu p ni ndogo. Sema utoro ulipanda kwa kiasi gani, msomaji ataona mwenyewe kama ni muhimu.

#8 Mwanamaji wa Kilindini

Hapa kwetu Kenya ugonjwa ni sampuli ya watu 384. Ukifungua tasnifu yoyote ya afya ya jamii utaikuta: 1.96 mara 1.96, mara 0.5, mara 0.5, gawa kwa 0.0025. Watu wanaitaja kama aya ya msahafu hata kama kijiji kizima kina watu mia tatu.

Ndugu Kalamu, hujagusa vibali. Bila kibali cha NACOSTI, tume yetu ya sayansi, na barua ya kamati ya maadili, wahariri wengi hawautazami mswada. Nadhani huko kwenu ni COSTECH?

#9 Kalamu Nyekundu

Ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kwa mambo ya afya ni NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa. Mwanafunzi mara nyingi hupitia chuo chake, kisha mkoa, wilaya, hadi kijiji. Kwenye makala havihitaji ukurasa: sentensi mbili ndani ya mbinu, taasisi iliyotoa, namba ya kibali, na namna washiriki walivyoridhia. Kwa utafiti unaohusu watoto, eleza ridhaa ya wazazi au kwa nini haikuhitajika, mfano ulipotumia rejista zisizo na majina.

Sasa utangulizi, maana ndio unaoumiza watu vichwa. Nimeusoma huu mara nyingi mno kwa mada tofauti:

"Duniani kote utoro ni tatizo kubwa. Barani Afrika utoro umekuwa changamoto. Kusini mwa Jangwa la Sahara hali ni mbaya zaidi. Tanzania nayo haijaachwa nyuma."

Ndege imezunguka dunia nzima ndiyo itue wilayani. Aya nne na bado sijui unatafuta nini.

Mwanaisimu John Swales aliwahi kuchambua tangulizi za makala nyingi za kisayansi, akaona zilizo nzuri zina hatua tatu: onyesha uwanja, onyesha pengo lililomo, kisha ingia kwenye pengo hilo. Hatua ya pili ndiyo inayokosekana kwetu. Watu huandika "hakuna utafiti uliofanyika katika wilaya hii". Hilo si pengo. Kuna maelfu ya wilaya duniani, kila moja haina utafiti wa jambo fulani. Pengo ni kitu ambacho waliotangulia hawakuweza kukiona, kwa namna walivyopima au walivyouliza.

Kwa Binti Mwambao ningeandika hivi:

"Katika vijiji vya wavuvi wa dagaa, kazi za nyumbani hufuata mwezi: mitumbwi hutoka usiku wa giza na dagaa huanikwa asubuhi yake. Tafiti zinazopima utoro kwa muhula au kwa mwezi wa kalenda haziwezi kuonyesha mabadiliko haya. Makala hii inatumia rejista za kila siku za shule nne kupima kama utoro hupanda siku za giza."

Sentensi tatu, hatua tatu. Hiyo ya pili, dada, usiichukue kwangu. Soma tafiti zilizopo, uone zilipima vipi, kisha uzitaje hapo kwa majina na miaka. Mapitio ya machapisho kwenye makala ndiyo hayo: yanakaa kuzunguka sentensi ya pengo, hayapewi sura.

Mjadala nao una kibwagizo chake: "Matokeo haya yanakubaliana na Fulani (2014), Fulani (2016) na Fulani na wenzake (2019)." Yanakubaliana katika nini? Walipima kitu kilekile? Sentensi ya kwanza ya mjadala ijibu swali lako waziwazi: utoro ulipanda, au haukupanda. Ukishajibu, eleza kwa nini unadhani ni hivyo, halafu maelezo gani mengine yanawezekana na data yako inasemaje juu yake, kama Osborne na ule mvuke. Mipaka ya utafiti iwe ya kweli. "Muda na fedha havikutosha" hakuna asiyekuwa nayo. "Rejista za shule mbili zilijazwa na mwalimu mmoja" ndiyo ninayotaka kuijua.

Ikisiri: mtindo wa APA (chama cha wanasaikolojia wa Marekani) una kikomo cha maneno 250, majarida mengine hushuka hadi 150. Iwe na namba yako kuu ndani yake. Ikisiri inayoishia "matokeo yamejadiliwa na mapendekezo yametolewa" haina faida kwa mtu yeyote.

#10 Fanani

Nakubaliana na mengi ila msitufunge wote kamba moja. Sisi wa fasihi na isimu tunaochapisha kwenye majarida ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), yaani Kiswahili na Mulika, umbo la sehemu nne halitukai sawasawa. Ukichambua utenzi, "matokeo" hayawezi kukaa chumba kimoja na "mjadala" chumba kingine: kila ubeti unaounukuu unaujadili papo hapo. Makala zetu hujengwa kwa hoja. Kila sehemu ina kichwa kinachotaja hoja yake, na data ni mifano yenye namba inayofuata.

Pia kuna suala la nafsi. Tumezoea "mtafiti alibaini", "ilibainika kwamba". Wanafunzi wangu wanaogopa kuandika "niliona" utadhani ni tusi.

#11 Kalamu Nyekundu

Umenena, mwalimu. Kwa fasihi, historia, falsafa na sheria, hoja ndiyo mgongo. Hata hivyo swali moja na jibu moja bado linahitajika. Makala yenye kichwa "Dhamira katika tamthiliya fulani" ikitaja dhamira sita, kila moja aya mbili, haijasema kitu.

Nafsi: APA inaruhusu "nilifanya" na "tulifanya" bila wasiwasi. Kuna wahariri wa majarida ya Kiswahili ambao bado wanapenda "mtafiti". Fungua toleo la mwisho la jarida unalolilenga, uone wenzako waliandikaje, ufuate. Ninachopiga vita ni mafuta: "Ilibainika kwamba kulikuwepo na ongezeko la kiwango cha utoro" wakati ungeweza kusema "Utoro uliongezeka."

#12 Bazazi

Sasa tuongee ukweli mchungu. Supavaiza anataka jina lake liwe la kwanza, na mswada hajausoma hata aya moja. Nifanyeje? Na kuna jarida limeniandikia barua pepe, wanasema kazi yangu ni "bora sana", watachapisha ndani ya siku tatu nikilipa dola mia mbili. Si bora hilo?

#13 Daktari wa Kata

Kaka Bazazi, usilipe hata shilingi.

La jina kwanza. Wahariri wa majarida ya tiba, kundi lililoanzia kikao cha Vancouver mwaka 1978, wana masharti manne ya kuitwa mwandishi: uwe umechangia kwa uzito kubuni utafiti au kukusanya au kuchambua data, uwe umeandika mswada au kuusahihisha kwa maana, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne kwa pamoja. Aliyesaini barua au aliyetoa gari anaingia kwenye shukrani. Kwa vitendo: supavaiza aliyekusaidia kuunda swali mpe nafasi ya kusahihisha mswada, akifanya hivyo anastahili jina, na kawaida mwanafunzi ndiye hukaa wa kwanza kwa makala itokanayo na tasnifu yake. Mkubaliane kwa barua pepe kabla ya kuandika. Baadaye inakuwa ugomvi wa urithi.

La jarida: majarida ya kitapeli yamejaa. Mkutubi mmoja wa Colorado, Jeffrey Beall, alikuwa na orodha yake maarufu ya majarida hayo, akaiondoa mtandaoni Januari 2017. Leo tazama kama jarida limo kwenye DOAJ (orodha ya mtandaoni ya majarida ya bure kwa msomaji), au AJOL (African Journals Online) kwa majarida ya Afrika, ambayo ipo tangu 1998. Kulipa peke yake si ushahidi wa utapeli, majarida mengi mazuri ya bure kwa msomaji humtoza mwandishi. Lakini ada iwe imeandikwa wazi kabla hujatuma, na uhakiki wa siku tatu haupo. Wahakiki ni watu wana kazi zao, hata kusoma barua pepe wanachukua wiki.

#14 Mwanamaji wa Kilindini

Na hawa wanaoandikiwa na akili unde? Siku hizi unasoma mswada unateleza kama samli, marejeleo thelathini, ukiyatafuta nusu hayapo duniani.

#15 Kalamu Nyekundu

Ndiyo balaa letu tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022. Mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, mwaka unaelekea, makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Mimi nachukua marejeleo matatu popote kwenye orodha nayatafuta. Likikosekana moja, mswada unarudi bila kusomwa. Kutumia mashine kusafisha lugha, majarida mengi yanakubali ukisema wazi. Kuiweka kama mwandishi hawakubali, kwa sababu haiwezi kuwajibika, rejea sharti la nne la Daktari. Na ile ya zamani ya kudesa aya nzima ipo palepale, Turnitin, programu ya kunasa maandishi yaliyonakiliwa, itakuonyesha.

Dawa ya marejeleo ni kuyahifadhi mwenyewe tangu siku ya kwanza. Zotero, programu ya kutunzia marejeleo, ni ya bure, itakupangia kwa mtindo wa APA au wa Vancouver ukibonyeza. Ila usiiamini kwa majina yetu. Inaweza kukosea jina lipi ni la ukoo, kwa hiyo pitia orodha kwa jicho. Kila kilichotajwa ndani kiwe kwenye orodha, na kilichomo kwenye orodha kiwe kimetajwa. Na wazazi uliowasaili hawaingii kwenye marejeleo, wao ni data.

#16 Binti Mwambao

Ahsanteni sana kaka zangu na walimu wangu. Nimeanza kupanga rejista kwa mwezi mwandamo, mchoro unaonyesha kitu, ila sitaki kusema mapema. Maswali mawili. Wahakiki wakirudisha maoni, unajibuje bila kuonekana mbishi? Na majina ya shule niyaandike?

#17 Kalamu Nyekundu

Maoni: fungua jedwali lenye safu tatu. Ya kwanza, maneno ya mhakiki yalivyo, kila hoja mstari wake. Ya pili, jibu lako. Ya tatu, ukurasa na mstari uliobadilika. Pale unapokubali, badilisha na useme umebadilisha. Pale usipokubali, toa sababu kutoka kwenye data, kwa utulivu. Mhariri anajua wahakiki nao hukosea. Usiruke hoja hata moja, hasa ile ndogo uliyoiona haina maana. Wahakiki wawili wakipingana, chagua upande mmoja na umweleze mhariri umechagua kwa nini.

Majina ya shule, hapana. Na kuandika "Shule A" peke yake hakutoshi. Kisiwa chenye shule chache, ukisema Shule A ina wanafunzi 412, ipo karibu na mwalo (pa kushushia samaki), na mwalimu mkuu ni mwanamke, umeshaitaja. Idadi ya wanafunzi iweke kwa makundi, "kati ya 400 na 600", na mambo ya mwalimu mkuu yatoe kama hayagusi swali lako. Ukiambatanisha data kwenye jarida, ondoa safu ya majina ya watoto na namba zao za usajili kabla hujaituma popote, hata kwa supavaiza. Na ile barua ya ruhusa ya mtendaji wa kijiji usiiweke kwenye viambatisho, muhuri wake una jina la kijiji.